Bodaboda wa Dar wanachoma lita ngapi? Namna ya kukadiria mafuta kwa kichwa

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Dar es Salaam, kisha tupa swali hili: bodaboda wa jiji hili wanachoma lita ngapi za petroli kwa siku? Mmoja atasema lita 20,000. Mwingine atamcheka aseme milioni tano. Wa tatu atakunja gazeti lake na kusema takwimu hizo wanazo serikalini, sisi tunapoteza muda bure. Kahawa itaisha na ubishi hautaisha.

Kati ya 20,000 na milioni tano kuna tofauti ya mara 250, kwa hiyo angalau mmoja wao yuko mbali sana na ukweli. Hata hivyo pale kijiweni kila mtu ana kipande cha jibu mfukoni mwake. Anajua nauli, anajua bei ya lita, anajua jirani yake mwenye pikipiki huweka mafuta ya shilingi ngapi. Ambacho hajafanya ni kuvipanga vipande hivyo na kuvizidisha.

Wanafizikia wana mazoea ya hesabu za namna hii, na aliyesifika zaidi kwazo ni Enrico Fermi, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la nyuklia lilipojaribiwa jangwani New Mexico, Fermi alisimama umbali wa kilomita 16 hivi akiwa na vipande vya karatasi mkononi. Wimbi la mlipuko lilipokaribia kumfikia alividondosha, akatazama vimesukumwa umbali gani. Vilisogea mita mbili na nusu hivi. Kutokana na hilo alikadiria nguvu ya mlipuko kuwa sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya kitaalamu baadaye vilitoa zaidi ya tani 20,000. Alikosea kwa mara mbili, na kwa mtu aliyetumia makaratasi, hiyo ni hesabu ya kuheshimika.

Kinachotafutwa ni idadi ya sufuri. Jibu liko kwenye makumi elfu, kwenye laki, au kwenye mamilioni? Ukijua hilo, umeshajua mengi, na kwa shughuli nyingi za maisha huhitaji zaidi.

Turudi kwa bodaboda. Swali tunalivunja mara mbili: pikipiki ngapi ziko kazini, na kila moja inakunywa lita ngapi kwa siku.

La pili ndilo rahisi, kwa sababu linaonekana kwenye pampu. Dereva wa bodaboda hajazi fulu tenki. Asubuhi anasema "weka ya elfu tano", na jioni, biashara ikiwa imechangamka, anarudi kuongeza ya elfu tatu. Bei ya petroli Dar, ambayo EWURA, mamlaka ya serikali ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, imekuwa ikizunguka shilingi 3,000 kwa lita, mara chini kidogo, mara juu kidogo. Elfu nane gawanya kwa elfu tatu ni lita 2.7. Tuseme tatu.

Lita 2.7 zenyewe ni kilomita ngapi? Pikipiki ya CC 125 au 150 huenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita katika mizunguko ya mjini. Kwa hiyo lita 2.7 ni kama kilomita 120 kwa siku. Hapa tupime kwa upande mwingine: dereva anayepata abiria 15 kwa siku, kila safari kilomita nne, ametembea kilomita 60 akiwa na abiria. Ongeza za kwenda kumchukua mtu na za kurudi kijiweni mtupu, nazo tuzifanye 60, unapata 120. Njia mbili zisizohusiana, moja ya pesa na nyingine ya safari, zimekutana. Zisingekutana ningejua kuna kitu nimekidhania vibaya.

La kwanza ni gumu zaidi: pikipiki ziko ngapi? Hapa watu wengi hukata tamaa, au hutaja namba yoyote ili mradi wametaja. Njia nzuri ni kujiwekea mipaka miwili ambayo uko tayari kuitetea. Je, zinaweza kuwa chini ya 30,000? Jiji lilikuwa na watu milioni 5.4 kwenye sensa ya 2022, kwa hiyo 30,000 ingekuwa pikipiki moja kwa watu 180. Ukipita Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni huwezi kuamini hilo. Je, zinaweza kuzidi 300,000? Hiyo ingekuwa moja kwa watu 18, pamoja na vichanga na vikongwe. Zingekosa abiria.

Sasa, katikati ya 30,000 na 300,000 ni wapi? Wengi watajumlisha na kugawa kwa mbili, wapate 165,000. Kwa kukadiria, hiyo siyo katikati inayofaa, kwa sababu imeegemea sana upande wa juu: kutoka 30,000 ni zaidi ya mara tano, lakini kwenda 300,000 haifiki hata mara mbili. Tunataka namba iliyo mbali sawa na mipaka yote kwa kuzidisha. Zidisha mipaka miwili, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kama 95,000. Tuseme 100,000.

Namba hiyo nayo ipimwe. Mkazi mmoja kati ya wanne akipanda bodaboda mara moja kwa siku, au akitumiwa mzigo kwa bodaboda, hizo ni safari milioni 1.35. Gawanya kwa abiria 15 wa kila dereva, unapata pikipiki 90,000. Inatosha.

Basi 100,000 mara lita tatu ni lita 300,000 kwa siku. Sitashangaa nikiambiwa ni 150,000, wala nikiambiwa ni 600,000. Nikiambiwa 20,000 au milioni tano, nitauliza zimetoka wapi.

Tunaweza kuibana zaidi kwa kuanzia upande wa wauzaji. Dar es Salaam ina kata 102. Kata ya katikati ya mji au ya kando ya barabara kuu inaweza kuwa na vituo vitano au sita vya mafuta; kata ya pembeni kabisa ina kimoja au haina. Weka vitatu kwa kata: vituo 300. Kituo cha kawaida kinaletewa mafuta na gari la tangi lenye lita elfu thelathini na kitu, petroli na dizeli zikiwa vyumba tofauti, na gari halirudi kila siku. Tuseme kila kituo kinauza lita 6,000 za petroli kwa siku. Jiji zima linakuwa linauza lita milioni 1.8. Bodaboda wanachukua sehemu moja ya sita, na zilizobaki, lita milioni 1.5, zinatosha magari 250,000 yakinywa lita sita kila moja. Kwa jiji lenye foleni kama hii, hakuna kinachogoma hapo. Ile milioni tano ya kijiweni sasa imekufa kabisa, kwa sababu ingetaka bodaboda peke yao wanunue karibu mara tatu ya petroli yote inayouzwa mjini.

Kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kumuuliza mtu yeyote. Ni kuuliza kanuni za asili zenyewe: kwa nini pikipiki iende kilomita 45 kwa lita, na isiwe tano au mia nne?

Pikipiki yenye dereva na abiria ina uzito wa kilo 250 hivi. Ikienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami tambarare, inapambana na vitu viwili. Hewa inaisukuma nyuma kwa nguvu ya nyutoni kama 70, na matairi yanavutwa na barabara kwa nyutoni 35 hivi. Jumla ni nyutoni 100 na kidogo, ambayo ni sawa na uzito wa ndoo yenye lita kumi za maji. Ndiyo hiyo tu. Ungeweza kuisukuma pikipiki kwa nguvu unayotumia kuinua ndoo ndogo, shida ni kwamba usingeweza kukimbia nayo kilomita 50 kwa saa.

Kusukuma kwa nyutoni 100 kwa umbali wa kilomita 100, yaani mita 100,000, kunahitaji nishati ya juli milioni kumi, au megajuli 10. Lita moja ya petroli ina megajuli 33 hivi. Lakini injini ndogo hupoteza sehemu kubwa kama joto: shika bomba la moshi uone. Tuseme sehemu moja ya tano tu ndiyo inafika kwenye tairi, yaani megajuli 6.5 kwa lita. Megajuli 10 gawanya kwa 6.5 ni lita moja na nusu kwa kilomita 100. Hiyo ni kilomita 65 kwa lita.

Mbona ni nyingi kuliko zile 45 za mtaani? Kwa sababu hatujahesabu breki. Kuiondoa pikipiki ya kilo 250 kutoka kusimama hadi kilomita 40 kwa saa kunahitaji juli 15,000, na ukishika breki nishati hiyo yote inageuka joto kwenye breki. Mjini dereva anasimama au kupunguza mwendo kama mara mbili kwa kila kilomita: bajaji imeingia ghafla, tuta, abiria wa daladala anavuka bila kutazama. Kwa kilomita 100 hizo ni megajuli tatu za ziada. Jumla inakuwa 13, sawa na lita mbili kwa kilomita 100, au kilomita 50 kwa lita. Ongeza injini inayonguruma ikiwa imesimama, kabureta isiyorekebishwa na tairi lisilo na upepo wa kutosha, umefika kwenye 45. Hatukumwuliza fundi wala dereva.

Hesabu hiyohiyo ukiipeleka kwenye gari ndogo inatoa kitu ambacho kila mwenye gari angepaswa kukijua. Gari la kilo 1,300 likifika kilomita 50 kwa saa lina juli kama 125,000 za mwendo. Injini ikiwa na ufanisi wa robo, ililazimika kuchoma nusu megajuli kuzipata, na hiyo ni mililita 15 za petroli: vijiko vitatu vya chai. Kila unapokanyaga mafuta ufike hamsini, halafu ukakanyaga breki kwa nguvu kwenye mataa yaliyokuwa mekundu tangu mbali, umemwaga vijiko vitatu, karibu shilingi 45. Ukifanya hivyo mara mia kwa siku, na kwa anayetoka Kimara hadi Posta na kurudi mara mia hazina ajabu, umeondoka na lita moja na nusu. Ndiyo maana gari linaloenda kilomita 15 kwa lita barabara ya Morogoro alfajiri huenda tisa kwa lita likiwa mjini.

Kwa malori hesabu hugeuka kwa namna inayoshangaza. Semi iliyobeba tani 30 kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, inakwenda kama kilomita mbili na kidogo kwa lita, kwa hiyo inachoma lita 400 na zaidi. Inaonekana ni ulafi. Lakini igawe kwa tani: lita moja imesogeza tani moja umbali wa kilomita 65 hivi. Bodaboda kwa lita yake amesogeza abiria mmoja wa kilo 65 kwa kilomita 45. Ukipima kwa mzigo, lori ndilo bahili na pikipiki ndiyo mlaji. Coaster ya daladala iliyojaa watu 30 na kwenda kilomita sita kwa lita inasafirisha kila abiria kilomita 180 kwa lita moja yake. Haya ni makadirio tu, lakini pengo ni kubwa kiasi kwamba hata ukizibadili namba kwa theluthi moja huku au kule, mpangilio haubadiliki. Hapo ndipo makadirio ya aina hii yana nguvu: pale pengo linapokuwa kubwa kuliko kosa.

Na makosa yapo. Tulizidisha dhana tatu au nne, na kila moja inaweza kuwa imekosewa kwa mara mbili. Zote zikikosewa kuelekea upande mmoja, makosa matatu ya mara mbili yanaleta kosa la mara nane. Kwa kawaida haiwi hivyo. Moja ulikisia juu mno, nyingine chini mno, zinafutana kiasi, na jibu linabaki ndani ya mara tatu hivi ya ukweli. Bahati hiyo ina sharti: makosa yasiwe na mzazi mmoja. Ukimuuliza dereva mmoja kila kitu, mafuta anayoweka, safari anazofanya na wenzake walio kijiweni, na dereva huyo ana sababu ya kukuza mambo, basi namba zote zitavimba pamoja na hakuna cha kuzifuta. Afadhali mafuta umuulize muuza mafuta, safari umuulize abiria, na idadi uihesabu mwenyewe.

Kosa linaloua makadirio kuliko yote liko kwenye vipimo, hasa vipimo vya muda. Watu huogopa sana kuchanganya mapipa, na ni kweli mapipa ni mawili: lile la chuma la lita 200 tunalohifadhia maji, na lile la biashara ya mafuta ghafi ambalo ni lita 159. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa kusafirisha zaidi ya mapipa 200,000 kwa siku. Kwa pipa la kweli hizo ni lita milioni 32. Kwa pipa la chuma ungesema milioni 40. Umekosea kwa robo, wala kwa kazi yetu si neno. Vivyo hivyo galoni: ya Kiingereza ni lita 4.5, ya Kimarekani 3.8, na ya mtaani ni dumu lolote la lita tano. Lakini anayesoma takwimu ya mwezi akadhani ni ya siku amekosea mara 30. Ya mwaka kwa siku, mara 365. Ukiona namba ya mafuta inayozunguka kwenye simu za watu na inatisha, kitu cha kwanza cha kuuliza ni: kwa muda gani? Nyingi hazisemi.

Jenereta niiseme kwa haraka. Lita ya petroli ina nishati sawa na uniti tisa za umeme, na jenereta ndogo ya dukani hutoa uniti moja na nusu kutoka kwenye hizo. Kwa hiyo uniti moja inakula petroli ya shilingi 2,000, mara tano au sita ya bei ya umeme wa gridi. Kinyozi anayenyoa kwa jenereta siku nzima anajua hilo bila kufundishwa na mtu.

Mpaka hapa tumekaa barabarani, kwa sababu neno "mafuta" linatupeleka huko. Ila ukiuliza jiji linachoma nini, bila kujali kama ni kimiminika au la, mambo yanahamia jikoni.

Watu milioni 5.4, wanne kwa kaya kwa kuzungusha, ni kaya milioni 1.35. Tuseme theluthi mbili zinategemea mkaa zaidi ya kitu kingine: kaya 900,000. Kila moja inatumia kiasi gani? Mkaa wa reja reja hupimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne, na sado iliyojaa ina mkaa wa kilo moja hivi, kwa kuwa vipande vina nafasi katikati. Kaya inayopika chai asubuhi, ugali na mboga jioni, na maharage mara mbili au tatu kwa wiki, inamaliza sado moja na nusu kwa siku. Kilo 1.5 mara kaya 900,000 ni tani 1,350 kwa siku, karibu tani nusu milioni kwa mwaka.

Hapa kwa bahati tuna cha kulinganisha. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria Tanzania inatumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu ya hizo zinaishia Dar es Salaam. Jiji limekua sana tangu hapo, na mitungi ya gesi nayo imeingia kwenye nyumba ambazo wakati ule hazikuwa nayo, kwa hiyo sitaki kujisifu kwamba namba zimelingana. Idadi ya sufuri ni ileile, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Tani 1,350 zinaingiaje mjini? Fuso moja ikibeba tani saba, ni malori karibu 200 kila usiku, kupitia barabara za Morogoro, Kilwa, Bagamoyo na Pugu, mbali na zile pikipiki zilizofungwa magunia mpaka dereva haonekani. Malori hamsini kwa barabara kwa usiku: anayesafiri usiku atakubali kwamba si kichekesho.

Sasa tulinganishe kwa nishati. Kilo ya mkaa ina megajuli 29 hivi. Mkaa wa siku moja wa jiji unakuwa na nishati mara nne ya petroli yote ya bodaboda, na theluthi mbili ya petroli yote inayouzwa mjini. Lakini mkaa haukuota hivyo. Katika tanuri la udongo, kilo saba hivi za kuni hutoa kilo moja ya mkaa, zilizobaki zimetoka kama moshi huko porini. Tani 1,350 za mkaa ni karibu tani 10,000 za kuni, na kila kilo ya kuni kavu ina megajuli 15. Ukihesabu kuanzia kwenye mti, majiko ya Dar yanakula nishati zaidi ya mara mbili ya petroli yote ya magari na pikipiki za Dar. Tunabishana kila mwezi kuhusu bei mpya za EWURA, na moto mkubwa kuliko wote unawaka uani chini ya sufuria.

Kwa mwenye nyumba, swali linalofuata ni mtungi wa gesi unakaa muda gani. Jiko la mkaa huingiza kwenye sufuria robo hivi ya joto lake likiwa zuri. La kawaida ni pungufu kidogo, tuseme asilimia 22. Kilo 1.5 za mkaa zinakupa megajuli tisa na nusu zilizofika kwenye chakula. Jiko la gesi huingiza nusu, na kilo ya gesi ina megajuli 46, kwa hiyo kilo moja ni megajuli 23 ndani ya sufuria. Kaya ileile inahitaji kilo 0.4 za gesi kwa siku. Mtungi wa kilo sita utakaa wiki mbili, wa kilo 15 utakaa siku 36 au hivyo. Waulize wanaopika kwa gesi peke yake kwa watu wanne; wengi watakuambia mtungi mkubwa ni mwezi na kidogo. Ukisikia wa nyumba fulani unakaa miezi mitatu, ujue maharage yanachemshwa kwenye mkaa uani.

Hesabu hiyo ya kilo 0.4 ina mahali pakubwa zaidi pa kwenda. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati hiyo ifikapo 2034. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, wastani wa 4.3 kwa kaya, yaani kaya milioni 14 na kidogo. Asilimia 80 ya hizo ni milioni 11.5. Zote zikipika kwa gesi ya mitungi, mara kilo 0.4, mara siku 365, ni tani milioni 1.7 kwa mwaka. Mkakati ulipozinduliwa, nchi ilikuwa inaagiza tani laki chache tu kwa mwaka. Hata umeme na gesi asilia vikibeba nusu ya mzigo, na hata kama kadirio langu limezidi kwa theluthi, bado matangi ya kupokelea gesi bandarini Dar na Tanga itabidi yaongezwe karibu mara mbili, na hapo hatujahesabu kwamba ifikapo 2034 kaya zitakuwa zimeongezeka.